Mashine Isiyo na Kasha

Ukitafuta saa za zamani za mfukoni katika minada ya mtandaoni, utakuta nyingi kati ya hizo si saa. Ni mashine tupu: kiduara cha shaba ya manjano au cha rangi ya nikeli, kinachotosha katikati ya kiganja, uso mweupe upande mmoja, magurudumu na skrubu za buluu upande wa pili. Kasha hakuna, kioo hakuna, wakati mwingine hata mishale haipo. Imelazwa juu ya kitambaa, imepigwa picha tatu, na chini yake pameandikwa maneno machache: jina la kiwanda, namba, idadi ya vito, na ile kauli ambayo kila mnunuzi ameizoea, kwamba muuzaji si fundi saa na hajui kama inatembea.

Sehemu kubwa ya mashine hizo imetoka Marekani, katika viwanda vya Waltham, Elgin, Hamilton, Illinois na Hampden, na zina umri wa miaka themanini hadi mia moja na hamsini. Mnunuzi anauliza ni ya bei gani. Mwanafunzi wa historia, kama mimi, anauliza kasha limekwenda wapi. Nimefuatilia minada hii kwa muda sasa, na naona maswali haya mawili hayaachani. Huwezi kuipa mashine thamani bila kujua nani aliivua nguo, lini, na kwa faida gani.

Tuanze na kiwanda. Mwaka 1850 Aaron Dennison, fundi saa, na Edward Howard, aliyekuwa akitengeneza saa za ukutani na mizani, walianza kutengeneza saa za mfukoni huko Roxbury, Massachusetts. Dennison alivutiwa na namna bunduki zilivyokuwa zikitengenezwa katika ghala la silaha la Springfield: kila kipande kikifanana na mwenzake, ili kikivunjika kitolewe na kingine kiingie bila kusuguliwa kwa tupa. Alitaka saa iwe hivyohivyo. Mwaka 1854 kiwanda kilihamia Waltham, kando ya Mto Charles, mji uliokwisha kuzoea kazi za viwanda kwa sababu ya pamba. Ni jimbo lilelile ambalo meli zake zilikuwa zikishusha Zanzibar kitambaa ambacho watu wa pwani walikiita merikani.

Mwaka 1857 kampuni ilifilisika na kiwanda kizima kikapigwa mnada. Aliyekinunua alikuwa Royal Robbins, mfanyabiashara wa saa wa New York. Kabla ya mashine moja ya Waltham kunadiwa mtandaoni kwa bei ya chakula cha mchana, mtambo uliozizaa zote ulikuwa umekwisha kupita chini ya nyundo ya mnadi. Wadai waliona deni. Robbins aliona kazi ambayo bado inaweza kufanyika. Miaka minne baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka, askari wakahitaji saa ya bei nafuu, na Waltham ikawa nayo: aina iliyoitwa William Ellery. Rais Abraham Lincoln mwenyewe alikuwa na moja.

Viwanda hivi vilikuwa na desturi iliyo chanzo cha mashine tupu tunazoziona leo. Kwa miaka mingi havikuuza saa kamili. Viliuza mashine. Makasha yalitengenezwa na kampuni nyingine kabisa, kama Dueber na Keystone. Mteja aliingia kwa sonara, akachagua mashine kwa kadiri ya mfuko wake, akachagua kasha kwa kadiri ya majivuno yake, na sonara akaziunganisha palepale dukani. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu ya vipimo vilivyokubaliwa: mashine ya saizi 18 ilikuwa na kipenyo cha karibu milimita 44.9, ya saizi 16 karibu milimita 43.2, na kasha la saizi hiyo liliipokea bila ugomvi.

Kwa hiyo saa ya Marekani ya wakati ule ina namba mbili zisizohusiana, moja ndani ya kasha na nyingine juu ya mashine. Anayekwambia kwamba mashine na kasha vimekaa pamoja tangu siku ya kwanza anahitaji ushahidi zaidi ya maneno. Mafundi huangalia ukingo wa ndani wa kasha, pale ambapo vichwa vya skrubu mbili za kushikilia mashine hugandamiza na kuacha alama. Ukikuta alama jozi mbili, ujue kasha hilo limewahi kuwa na mpangaji mwingine.

Kilichorahisisha kuunganisha ndicho kilichorahisisha kutenganisha. Skrubu mbili tu, na mashine iko nje.

Sasa tazama namba. Kila mashine ilichorwa namba yake, na viwanda viliweka madaftari. Mengi ya kumbukumbu hizo yamesalia, yamechapishwa, na sasa yako mtandaoni. Ukiandika namba ya mashine ya Elgin au Waltham unaambiwa aina yake, saizi, idadi ya vito, mwaka unaokadiriwa, na mara nyingine ni ngapi za aina hiyo zilizotengenezwa. Kwa mnunuzi hii ni bahati kubwa. Mwenye kuuza kiti cha zamani anaweza kukupa hadithi yoyote kuhusu babu yake. Mwenye kuuza mashine ya saa amekwisha kukuonyesha cheti cha kuzaliwa, hata kama yeye mwenyewe hawezi kukisoma.

Na cheti hicho mara nyingi huvunja moyo. Waltham, tangu 1850 hadi ilipoacha kutengeneza saa mwaka 1957, ilitoa takriban milioni 40. Elgin, iliyoanzishwa mwaka 1864, ilitoa takriban milioni 60. Uzee peke yake hauna bei. Mashine ya miaka 120 yenye vito saba, aina iliyotoka kiwandani kama maandazi yanavyotoka kwenye karai, inaweza kuuzwa kwa dola chache tu, ilhali dada yake wa mwaka uleule, aliyetengenezwa kwa idadi ndogo, anagombaniwa na watu wa mabara matatu. Mashine ya kwanza kabisa ya Elgin, iliyokamilika mwaka 1867, ilipewa jina la B. W. Raymond, rais wa kwanza wa kampuni na aliyewahi kuwa meya wa Chicago. Namba yake ni 101. Mwaka 1988 iliuzwa mnadani New York kwa dola 12,000. Mashine za aina hiyohiyo zilizofuata zilibeba karibu kazi ileile ya mikono. Kilichonunuliwa kwa bei ile ni ile 101.

Hata hivyo namba isomwe kwa uangalifu kama hati nyingine yoyote. Kiwanda kilitenga mafungu ya namba kabla ya kazi kuanza, na fungu moja liliweza kukamilika leo na jingine baada ya miaka. Mwaka unaotolewa na jedwali ni makadirio. Muuzaji anayeandika "mwaka 1891" kwa herufi kubwa hajadanganya, lakini hajathibitisha pia.

Nimetaja 1891 kwa sababu ni mwaka ambao wauzaji hupenda kuutaja. Tarehe 18 Aprili mwaka huo treni mbili ziligongana Kipton, Ohio. Waliokufa ni pamoja na madereva wa treni zote mbili na makarani wa posta. Inasimuliwa kwamba saa ya mmoja wa wafanyakazi wa treni ilisimama kwa dakika nne kisha ikaendelea kutembea yenyewe, na yeye asijue. Kampuni ya reli ilimwita Webb C. Ball, sonara wa Cleveland, akague saa za wafanyakazi, na mfumo wake ukaenea katika reli nyingi. Reli za Marekani zilikuwa zimekwisha kukubaliana juu ya saa za kanda tarehe 18 Novemba 1883. Sasa zilitaka kila mfuko ubebe saa inayostahili makubaliano hayo.

Masharti yaliyokomaa katika miaka iliyofuata ndiyo yanayopanga bei za minada hadi leo. Saa ya reli iwe ya saizi 18 au 16. Iwe na uso wazi, bila mfuniko, wenye tarakimu nyeusi zinazosomeka haraka. Isiwe na vito chini ya 17. Isipotee zaidi ya sekunde 30 kwa wiki. Iwe imerekebishwa katika mikao mitano: imelala kwa uso, imelala kwa mgongo, imesimama kwa pande tatu, maana uzito huvuta gurudumu la mizani tofauti katika kila mkao. Mishale isogezwe kwa kuvuta kiwiko kidogo kilichofichwa chini ya ukingo wa kioo, ili mtu asibadilishe saa bila kukusudia anapoitia ufunguo.

Hamilton 992, yenye vito 21, ilijengwa kwa masharti hayo, na ndiyo maana jina lake bado hupandisha dau hata ikiwa haina kasha. Mnunuzi analipia ile hofu ya Kipton iliyogeuzwa kuwa vipimo.

Vito navyo vinahitaji kusomwa. Si mapambo. Ncha nyembamba ya mhimili wa chuma huzunguka ndani ya tundu la kito kigumu, mafuta hukaa, na msuguano hupungua. Kutoka vito saba hadi 15 au 17 tofauti ni kubwa. Kutoka 21 hadi 23 tofauti ni ndogo, lakini tangazo lilikuwa kubwa, na wateja walijifunza kuhesabu. Palipo na hesabu hapakosi mjanja. Zilizuka mashine zilizoagizwa kutoka Ulaya, zikiwa na majina yaliyofanana mno na ya Marekani, picha ya garimoshi kwenye uso, na vito vilivyopachikwa mahali pasipo na mhimili wowote wa kuzunguka. Zimeandikwa "23" na zinauzwa mnadani hadi leo, na kila mwezi kuna mgeni anayezilipia kama za kweli.

Tumejua mashine ilivyozaliwa. Bado hatujajua ilivyovuliwa.

Chukua kasha la dhahabu ya karati 14 ambalo, tuseme, lina gramu 40. Dhahabu safi ndani yake ni gramu 23 na kidogo, yaani robo tatu ya aunsi ya masonara. Kabla ya 1933 aunsi moja Marekani ilikuwa dola 20.67; dhahabu ya kasha letu ilikuwa na thamani ya dola 15 na senti 50. Mwaka 1934 serikali ilipandisha aunsi hadi dola 35, na kasha likawa dola 26. Januari 1980 aunsi ilifika dola 850 katika soko la London. Kasha lilelile, bila kufanya lolote zaidi ya kukaa kabatini, likawa na dola 637. Mwaka 2011 aunsi ilikaribia dola 1,900, na mwaka 2020 ikavuka 2,000: kasha, dola 1,500.

Katika kipindi hichohicho mashine iliyokuwa ndani yake ilikuwa ikienda upande wa pili. Saa za mkononi zilikwisha kuifukuza saa ya mfukoni kutoka kwenye nguo za watu. Desemba 1969 Seiko ilitoa Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi kuuzwa madukani, na baada ya miaka michache saa ya bei rahisi kabisa ikawa inashika wakati kuliko saa ya reli ya mwaka 1910. Mrithi aliyepeleka saa ya babu kwa mnunuzi wa dhahabu alikuta mezani mizani ya gramu. Mizani haijui kusoma mikao mitano. Mnunuzi alifungua skrubu mbili, akaweka kasha kwenye mizani, akaiweka mashine kwenye kopo pamoja na wenzake.

Hapo ndipo jibu la swali langu lilipo. Mashine tupu nyingi zilizo mnadani ni mabaki ya tanuru. Ajabu yake ni kwamba saa zilizonunuliwa na wenye nacho ndizo zilizoumia zaidi. Saa ya mfanyakazi, iliyovikwa dhahabu kwa utando tu au iliyokuwa na kasha la nikeli, haikuwa na cha kuyeyushwa, ikabaki nzima. Kwa hiyo ukiona mashine nzuri, yenye vito 21, mabamba yaliyonakshiwa mawimbi na herufi zilizojazwa dhahabu, na haina kasha, usidhani imetupwa kwa kuwa ni mbovu. Huenda imekosa kasha kwa sababu ilikuwa bora, na mwenyewe aliivalisha vizuri mno.

Mnunuzi anayejua hili ana faida juu ya asiyejua. Kutokuwa na kasha hakusemi chochote kuhusu afya ya mashine. Afya inabidi isomwe kwenye picha.

Kwanza gurudumu la mizani, lile linaloyumba mbele na nyuma. Mhimili wake una ncha nyembamba kuliko sindano ya kushonea, na saa nyingi za zamani zilitengenezwa kabla ya vifaa vya kukinga mshtuko kuenea. Ikianguka mara moja tu, ncha imekwenda. Muuzaji mwangalifu ataweka video fupi gurudumu likiyumba. Akiandika tu kwamba "mizani ni nzima" bila kuionyesha, hesabu kama imevunjika. Pili, springi yake, nyembamba kama unywele: mizunguko yake iwe na nafasi sawa, isiwe imelala upande mmoja. Tatu, vichwa vya skrubu. Skrubu zilizokwaruzwa na kumong'onyoka zinakwambia nani amepita humo kabla yako. Fundi wa kweli haachi majeraha. Nne, kutu: doa moja la kahawia kwenye chuma chenye rangi ya buluu ni onyo kuhusu usiyoyaona. Tano, uso: nyufa nyembamba katika enameli hushusha bei, na uso safi pamoja na mishale yake wakati mwingine huuzwa ghali kuliko kila kilicho nyuma yake.

Kuna jambo moja la sita ambalo wauzaji wenyewe hawalijui. Katika saa nyingi za Marekani, kijiti cha kutilia ufunguo hubaki kwenye kasha. Mashine ikitolewa, katika aina nyingi, sehemu ya kusogezea mishale hujishika yenyewe, kana kwamba mtu amevuta kitufe. Mashine nzima kabisa inaweza kukataa kutembea ikiwa mezani kwa sababu hiyo tu. Muuzaji anaandika "haitembei", na huenda ni kweli, lakini sababu yake ni kwamba haina nyumba.

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Muuzaji anajua gari lake, mnunuzi hajui. Mnunuzi, kwa kuogopa, anatoa bei ya gari la wastani. Mwenye gari zuri anaona hasara na kujiondoa. Wanabaki wenye magari mabovu. Kwa Kiswahili tungesema watu wote wamezoea kuuziwa mbuzi kwenye gunia, hadi mwenye mbuzi mzuri akaacha kuja sokoni. Mwaka 2001 Akerlof alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Katika mnada wa mashine za saa nadharia yake inahitaji marekebisho madogo: mara nyingi muuzaji naye hajui kilicho kwenye gunia. Amenunua kopo zima kwenye mali ya marehemu. Wanafanana na muuza mitumba aliyefungua robota: anajua uzito, hajui koti lipi lina zipu nzima. Hapo mwenye maarifa anaweza kuwa mnunuzi, na soko halifi.

Lakini maarifa yana adui. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta, Capen, Clapp na Campbell, walieleza kwa nini kampuni zilizoshinda minada ya vitalu zilikuwa zikipata faida ndogo. Kila kampuni inakadiria. Anayeshinda ni yule aliyekadiria juu kuliko wote. Na aliyekadiria juu kuliko wote ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuwa amekosea. Ukiwa wewe ndiye uliyebaki peke yako saa ya mnada inapofungwa, jiulize wale wengine waliona nini kwenye picha ya tatu. Dawa yake ni ya zamani: panga bei yako kabla ya dakika za mwisho, ukitazama mashine za aina hiyo ziliuzwa kwa ngapi, si ziliombwa ngapi. Bei inayoombwa ni ndoto ya muuzaji. Bei iliyolipwa ni hati.

Mpaka hapa nimeongea kama mtu anayefundisha biashara. Kuna hesabu moja ambayo inanisumbua, na kwa sababu yake nimeandika makala hii.

Wanaonunua mashine tupu ni watu wa namna nne. Kuna mkusanyaji mwenye kasha lililo wazi. Kuna anayetaka kuifanya saa kubwa ya mkononi kwa kuitia kwenye kasha jipya. Kuna msanii wa mapambo, anayenunua mashine ndogo za saa za kike kwa uzito na kuzigandisha kwenye hereni na bangili. Na kuna fundi anayetaka vipuri. Viwanda vimekufa, gurudumu la Hamilton 992 la leo haliwezi kutoka popote isipokuwa kwenye Hamilton 992 nyingine. Kwa hiyo mashine ikivunjwa, na mizani ikauzwa peke yake, uso peke yake, mishale peke yake, daraja na magurudumu peke yake, jumla mara nyingi huzidi bei ya mashine ikiwa nzima.

Siwezi kumlaumu fundi. Kila mashine iliyovunjwa imefufua wenzake, na ndoto ya Dennison ya vipande vinavyobadilishana inatimia mezani pake. Mafundi saa wa kwetu, wenye meza ndogo pembeni mwa barabara na lenzi jichoni, wamefanya hivyo miaka yote, na saa nyingi za wazee wetu zinatembea kwa sababu yao. Lakini kwa mara ya pili mashine hii inatenganishwa na kitu kwa sababu vipande vina bei kuliko kitu kizima. Mara ya kwanza lilikwenda kasha. Mara hii linakwenda bamba lenye namba, ambalo halina mnunuzi, kwa kuwa hakuna saa inayoharibika kwa kukosa namba.

Na kwenye namba ndipo walipo watu. Waltham na Elgin ziliajiri wanawake wengi, waliolipwa chini ya wanaume, wakisugua skrubu, wakipachika vito, wakilinganisha springi kwa macho. Majina yaliyochorwa kwenye mabamba si yao. Ni ya marais wa kampuni, au, kama Crescent Street ya Waltham, ni jina la barabara iliyopita mbele ya kiwanda. Kwa wale wanawake hakuna alama iliyobaki juu ya shaba isipokuwa kazi yenyewe, na uzi wa pekee unaoweza kumrudisha mtafiti kwenye mwaka wao, fungu lao na daftari la kiwanda ni ile namba.

Kuna fundi mmoja aliyeacha zaidi. Mwaka 1861 Jonathan Dillon alikuwa akitengeneza saa katika duka la sonara Washington, na mezani pake ilikuwa saa ya dhahabu ya Lincoln, yenye mashine iliyotengenezwa Uingereza. Habari zikaja kwamba ngome ya Sumter imeshambuliwa. Dillon alichukua chombo chake akaandika ndani ya saa, mahali ambapo Lincoln asingeona, kisha akaifunga. Mwaka 1906, akiwa mzee, alilisimulia gazeti la New York Times alichoandika, na katika kumbukumbu yake alikuwa ametangaza kwamba utumwa umekufa. Machi 2009 jumba la makumbusho la Smithsonian, kwa ombi la kilembwe chake, liliifungua saa ile. Maandishi yalikuwapo. Yalitaja shambulio na kumshukuru Mungu kwa kuwapo serikali. Kuhusu utumwa hapakuwa na neno. Na tarehe aliyoiandika kuwa ya shambulio, 13 Aprili, nayo ilikuwa na kasoro: mizinga ilianza tarehe 12.

Wanahistoria tunakipenda kisa hiki kwa sababu kinatupa vyote viwili, kumbukumbu iliyokua na shaba iliyokosea, na vyote viwili vinatufundisha kitu. Mimi nakipenda pia kwa sababu ya bahati. Kama saa ile isingekuwa ya rais, ingeletwa mezani pa mnunuzi wa dhahabu mwaka 1980, mashine ingeingia koponi, na mtu angeinadi leo kwa picha tatu, bila kasha, haijapimwa. Wewe na mimi tungeipita, kwa kuwa maandishi yako upande usiopigwa picha.

Sidai kwamba kila mashine ina barua ndani yake. Mafundi wengi waliandika alama za matengenezo tu, herufi mbili na tarehe zilizokwaruzwa kwa ncha ya sindano, ili wakumbuke kazi yao saa ikirudi. Zinaonekana ukiondoa uso. Kwa mkusanyaji ni mikwaruzo na hushusha bei. Kwangu mimi ni orodha ya watu waliowahi kuishika.

Bei itaendelea kupangwa na waliopo mnadani, na sina ugomvi na hilo. Ninachowaomba wanaovunja mashine ni kazi ya dakika mbili. Kabla ya skrubu ya kwanza kutoka, piga picha bamba lenye namba, ondoa uso na upige picha mikwaruzo iliyo chini yake, kisha uziweke mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuziona. Vipuri viende vinakokwenda. Namba ibaki imeandikwa.